Nilifuata jalada Tabora

Kwenye simu waliniambia ni kazi ya nusu saa: nije, nisaini, nichukue nakala ya jalada la marehemu baba. Basi kutoka Dodoma silisemi, mgongo wangu unalijua. Gesti wakanitoza elfu ishirini na tano kwa chumba chenye feni inayolia kuliko inavyozunguka.

Ofisi yenyewe ni ghorofa moja ya zege, kwa sura ni ya enzi zile TANU walipokutana hapa Tabora mwaka 1958 kubishania Kura Tatu, ule utaratibu wa kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia kwa pamoja. Paa bapa, ngazi za terazo, na upande wa magharibi mabawa ya zege yamesimama wima kama vitabu kwenye rafu. Wageni hupiga picha Boma la Wajerumani au tembe la Livingstone kule Kwihara. Hili hapana, rangi imebanduka.

"Mhusika ametoka kidogo," dada wa mapokezi aliniambia saa tatu asubuhi. Saa sita, bado ametoka kidogo. Saa nane benchi lilishanizoea.

Ndipo nikagundua sijatoka jasho. Oktoba hiyo, mvua bado, nje bodaboda wamejibanza chini ya miembe, na mimi napulizwa shingoni bila feni.

"Unatafuta kiyoyozi, mwanangu?" Mzee mlinzi, niliyemwamkia shikamoo asubuhi, alikuwa akitafuna matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. "Hakuna."

Akanionyesha kwa rungu. Jua la jioni huja limeinama, linagonga mabawa yale, haliingii. Vyumba vimepangwa mstari mmoja, dirisha mbele na nyuma, na korido ina matofali ya matundu. Wajerumani walizuia joto kwa unene wa kuta. Hawa wa zege jembamba walitegemea kivuli na upepo.

"Kule mwisho waliziba kwa alumini, wakafunga mashine. Umeme ukikatika wanahamia hapa na mafaili yao."

Nilicheka, halafu nikaikumbuka sebule yangu. Ukuta mzima ni kioo, cha mkopo, na kinatazama magharibi. Fundi aliniuliza mara mbili, "Bosi, una uhakika?" Kuanzia saa tisa hatukai humo; wageni tunawapokea uani, karibu na banda la kuku.

Mhusika alirudi saa kumi kasorobo. Jalada, akasema, lilihamishiwa Dodoma mwaka juzi.

Nilirudi kwenye benchi nikakaa tena kidogo. Mzee akanimegea tobolwa.