Bima ya afya ya wafanyakazi: nilivyopunguza gharama bila kuwaumiza watu

Mwaka jana ada ya bima ya hoteli yetu, Nungwi, ilipanda, bosi akataka kifurushi cha bei rahisi. Nikamwomba asubiri, nikadai kwa kampuni ya bima mchanganuo wa matibabu, bila majina. Kumbe fedha nyingi zilikwenda kwenye presha na sukari: watu wanapanda daladala hadi mjini, hospitali ya ghali, kupima tu na kuchukua vidonge vya mwezi! Nikaenda kituo cha afya cha jirani bila taarifa, kutazama kama metfomini (dawa ya sukari) na amlodipini (ya presha) zipo. Hazikuwapo. Basi tulipokubaliana na kituo hicho kihudumie presha na sukari, tukaandika kwenye mkataba: dawa ikikosekana, hatulipi. Bima tukaibakisha kwa kulazwa, upasuaji na uzazi. Ada imeshuka. Bibi wa jikoni bado kanuna, yeye anaitaka safari yake ya mjini.