Ndoo mbili za mchanga

Masika ya 2018 yalilikuta gari la Baba likilala kwenye kituo cha mafuta. Lilikuwa Toyota Noah, mtumba wa Japani, alilolinunua kwa kiinua mgongo chake, na kwetu, mtaa wa Utawala jijini Nairobi, hakukuwa na pa kuliweka. Kila jioni aliliacha huko barabarani chini ya mlinzi, kisha akaja kwa miguu kwenye udongo mweusi, ule ambao mvua ikinyesha unakuvua kiatu. Mama alitoka na tochi na mwavuli kumlaki. Mimi ndiye kifungua mimba wao. Nikasema nitawajengea gereji.

Mlango niliuchagua mwenyewe. Nilikuwa nimesoma vipimo vya Kimarekani: mlango wa gari moja huko huwa na upana wa futi 8 au 9 na kimo cha futi 7, na ule wa magari mawili futi 16 kwa 7. Noah ya Baba ina upana wa mita 1.695, maana Japani gari la daraja lile halitakiwi kuzidi mita 1.7. Futi 8 ni mita 2.44. Nikatoa, nikapata sentimita 74 na ushee za ziada, nikaridhika. Nikaenda Kariobangi Light Industries kulipa arbuni ya shata la kukunja, yaani mlango unaojiviringisha kwenda juu, futi 8 kwa 7.

Ukuta ulipofika usawa wa linta, ile boriti ya zege inayokaa juu ya mlango, mbao zikapigwa na nondo zikafungwa, zege likingoja Jumatatu. Jumamosi fundi akaniita kando.

“Dada, gari liko wapi? Kabla sijamwaga zege nataka nilione likiingia.”

Nikamwambia nimeshalipima.

“Umelipima likiwa limesimama. Mimi nataka kuliona likikata kona.”

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Michoro niliyoifuata ilikuwa ya nyumba zenye njia iliyonyooka mpaka mlangoni; gari linakuja limeshajipanga. Kwetu unatoka kwenye kichochoro, na kichochoro chenyewe, ukitoa mtaro wa maji upande mmoja na kokoto za jirani upande wa pili, hakikubakiza zaidi ya mita nne na nusu. Dereva lazima azungushe usukani wote akiwa bado karibu na ukuta.

Miti iliyoshikilia mbao za linta ilikuwa imeuziba mlango, kwa hiyo tulihamia ploti tupu iliyokuwa mkabala. Fundi akanyoosha kamba mbili kuonyesha kichochoro, akajaza mchanga kwenye ndoo mbili za rangi na kuchomeka fito ndani yake. Hizo ndizo zikawa nguzo za mlango. Akazipanga futi 8. Baba akapanda, akafunga mkanda kana kwamba anaenda Nakuru.

Pua iliingia vizuri. Lakini magurudumu ya nyuma hayapiti pale ya mbele yalipopita, hukata ndani zaidi, na ubavu wa kushoto ukaiangusha ndoo. Akarudi nyuma, akajaribu tena. Mara ya tatu alifaulu, baada ya kwenda mbele na nyuma mara nne, jasho likimtiririka. Tukapima vioo vya pembeni vikiwa wazi: karibu mita 2. Zile sentimita zangu 74 zilikuwa zimepungua hadi 44 hivi.

Futi 9, alipita huku kioo kikigusa ufito. Futi 10 aliingia mara moja, bila kusimama.

“Nane inatosha,” Baba akasema aliposhuka. “Nitazoea.”

Nilijua anahesabu pesa zangu. Kupanua mlango kulimaanisha kubomoa ukuta upande mmoja, kufungua mbao za linta, kununua nondo ndefu zaidi, na kuipoteza ile arbuni, kwa kuwa vipande vya shata vilikuwa vimeshakatwa. Fundi akajiondokea kwenda kuokota kamba zake. Ndipo Baba akaniambia taratibu, akiangalia ile ndoo iliyolala ubavu, “Mwanangu, usiku upande huu wa kushoto siuoni vizuri. Tangu mwaka jana.”

Hakuwa amemwambia mtu, hata Mama. Mwaka mzima alikuwa akiendesha hivyo, na sisi tukidhani anachelewa kurudi kwa sababu ya msongamano. Nilimwita fundi nikamwambia abomoe.

Kwa vile kila kitu kilikuwa kimefunguliwa, tuliongeza pia kozi moja ya mawe juu, inchi 9, kwa sababu Baba huleta magunia ya viazi kutoka Kinangop juu ya keria. Fundi alisisitiza roli ambalo shata hujiviringisha juu yake likae ndani, nyuma ya linta, lisile kimo cha mlango. Uwazi wa mawe aliuacha mpana kuliko futi 10, inchi moja na nusu zaidi kila upande, kwa ajili ya plasta. Plasta ilipokauka tu ndipo aliporuhusu shata jipya liagizwe. Alipima upana chini, katikati na juu, akaandika kile kilicho kidogo kuliko vyote, kisha akavuta utepe kona kwa kona kuhakikisha mlango haukupinda. Msingi wa nguzo alikuwa ameuchimba kupita ule udongo mweusi hadi kwenye mwamba, maana udongo ule hufura kwa mvua na kusinyaa kwa kiangazi, na nguzo ikihama shata hukwama.

Baba, kwa upande wake, alikaa siku mbili kwenye kigoda akiyabandua saruji mawe yaliyobomolewa ili yasipotee. Na wiki ileile alikubali nimpeleke kwa daktari wa macho.

Shata lilifungwa Agosti. Novemba, mvua za vuli zilipoanza, jioni moja Mama alichukua tochi na mwavuli kama alivyozoea, akatoka mpaka mwisho wa kichochoro. Akasimama sana. Aliporudi amelowa, alikuta taa ya gereji inawaka na Baba ameketi nyuma ya usukani, injini imezimwa, vioo vyote viwili viko wazi.

“Umeingia saa ngapi?” akamuuliza.

“Kitambo,” Baba akasema. “Nilikuwa nakungoja.”