Zedi Inakuja Kwetu

Wiki hii Zuhura kajifungua salama (wa kike, mashavu ya bibi yake kabisa), mkataba wangu umeongezwa, na umeme mtaani umetulia. Hayo nayapitisha haraka ili nifike kwenye kinachonikera, ambacho ni mshale wa bluu, yaani zedi, ule mhimili wa z kwenye skrini.

Mnaijua maabara yangu ya kompyuta, na Dokta mnamjua, yule aliyenifundisha chuoni. Jumanne alikuja akakaa nyuma, eti aone vijana wanaendeleaje. Nilikuwa nimewafungulia mayoglobini kwenye VMD, programu ya kutazamia molekuli; mayoglobini ni ile protini ya misuli ya nyangumi ambayo John Kendrew na wenzake waliichora umbo lake mwaka 1958, ya kwanza kabisa kati ya protini zote. Chini kushoto mwa skrini vipo vile vimshale vitatu: mwekundu wa x unaenda kulia, wa kijani wa y unaenda juu, na wa bluu wa z unakuelekea wewe usoni, hata kichwa chake unakiona kama kitone. Kijana mmoja wa viti vya nyuma, asiyefunguaga mdomo, akanyoosha mkono.

"Madam, nani kaamua zedi ije kwetu? Kwa nini isiende ndani ya skrini?"

Kabla sijavuta pumzi, Dokta akajibu: "Kijana, hakuna aliyeamua. Ndivyo ilivyo. Tusimchoshe Madam na mishale."

"Sawa, Dokta. Samahani."

Wenzake wakacheka, nikaambiwa niendelee, nikaendelea.

Samahani ya nini? Ndiyo inayoniuma. Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa muhula huu, mtu kaondoka nalo kama aliyevunja glasi ya mwenyeji.

Basi tangu siku hiyo namjibu Dokta kila mahali. Kwenye daladala namjibu kwa adabu: shikamoo Dokta, lakini wapo walioamua. Ukishasema x iende kulia na y iende juu, zedi imebaki na njia mbili tu, na kinachochagua ni mkono. Vidole vya mkono wa kulia vikikunjwa kutoka x kuelekea y, dole gumba linakutazama wewe. Wanafizikia na wanakemia walichagua mkono huo, programu zetu zikaurithi. Lakini waliotengeneza Unity, ile injini ya michezo ya kompyuta, walichagua wa kushoto, na kwao zedi inaenda ndani ya skrini, vilevile kama kijana alivyouliza! Ukiipeleka molekuli huko bila kugeuza alama ya mhimili mmoja, unapata pacha wake wa kwenye kioo.

Nikiosha vyombo adabu inapungua. Hapo namletea maji. Mwanakemia Robert Mulliken mwaka 1955 aliona watu hawaelewani kuhusu mihimili, akapendekeza kwamba kwa molekuli bapa ya jamii ya maji, zedi ipite katikati ya haidrojeni mbili na x itoke nje ya bapa. Hadi leo vipo vitabu vinavyoilaza molekuli kwenye bapa la x na z. Matokeo yake obiti ya juu kabisa yenye elektroni, ambayo kwa Mulliken inaitwa b1 (jina la ulinganifu wake, linalotegemea mihimili), kwenye vitabu hivyo inaitwa b2. Maji ni yaleyale, wanafunzi wawili wanasahihishana mpaka jioni, na wote wako sawa. Hakuna aliyeamua, Dokta?

Usiku ndiyo mbaya zaidi, maana nakumbuka ni yeye aliyetusimulia, tukiwa mwaka wa pili, habari ya maabara ya California. Programu yao ya nyumbani ilibadilisha nafasi za safu mbili za data, ramani ya protini ikageuka mkono, na kuanzia mwaka 2006 makala tano zikaondolewa, tatu kati ya hizo za jarida la Science. Alisimulia kwa mbwembwe, anatembea kati ya madawati, tukashika vichwa. Mtu huyohuyo leo anaona mishale inachosha.

Nilikuwa nimefika hapo kuandika, hasira tupu, na posti ingeishia hapo. Ila Ijumaa baada ya swala kijana akabisha hodi, kakumbatia laptop ya binamu yake yenye ufa kwenye kioo.

"Madam, una dakika?"

Alikuwa kachukua mayoglobini ileile, kaandika vimistari vichache vya msimbo wa Paithoni, kageuza alama ya z kwa kila atomu. Kafungua zote mbili pembeni kwa pembeni, kaacha uti wa mgongo tu, yaani mnyororo mkuu wa protini.

"Umbali kati ya atomu ni uleule," akasema, "pembe za bondi zilezile. Ila angalia inavyojisokota."

Nikaweka dole gumba la kulia kwenye heliksi ya kwanza ya ile iliyogeuzwa, ule msokoto ambao kwenye protini halisi hufuata mkono wa kulia. Halikubali. Nikaweka la kushoto, likakaa vizuri kabisa. Asidi amino zote (vijenzi vya protini) za aina ya L zimekuwa D, pacha wao wa kwenye kioo, protini ambayo hakuna nyangumi aliyewahi kuwa nayo.

"Na programu haikulalamika hata kidogo," akasema. Hilo ndilo lililomtisha. "Ningekuwa sijui, ningeiweka kwenye ripoti."

Nilicheka mpaka jirani akachungulia. Huyu ndiye aliyeomba samahani Jumanne! Nikamchorea ya maji ubaoni, nikampa na Mulliken, akapiga picha kwa simu.

"Dokta nikimwonyesha atakasirika?"

"Mwonyeshe. Anza na shikamoo."

Atakwenda Jumatatu. Nimetafuta sababu ya kupita kwenye korido ile muda huohuo, na sababu imepatikana, kuna karatasi za kusaini.

Ningelala vizuri leo, ila mwenye nyumba katuma ujumbe saa mbili usiku: "Naomba tuonane kesho asubuhi, uje na mkataba." Kodi nimelipa hadi Machi. Jana nilimwona na watu wawili wanapima uwanja kwa futi kamba, na mmoja wao alikuwa anaangalia dirisha langu.