Maganda ya Risasi Katika Pipa la Maji

Hapa Texas, ambako kujaza upya risasi za kulengea shabaha ni burudani ya wengi, nimehamia kwenye pipa la maji linalozungushwa na mota ili kusafisha maganda yaliyokwisha kufyatuliwa. Kwanza ninatoa fataki zilizokwisha kulipuka, yaani viwashio vidogo vilivyo kitakoni mwa ganda, ili vishimo vyake navyo visafike. Kisha ninatia maganda, ambayo ni ya shaba ya njano, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, pamoja na vijiti vyembamba vya chuma kisichoshika kutu, maji, sabuni ya vyombo na unga kidogo wa asidi ya limau. Safari moja niliuzidisha, na maganda yakatoka ya waridi kama ufizi, kwa kuwa zinki ya juu ilikuwa imeliwa ikabaki shaba nyekundu. Baada ya kuzunguka kwa muda wa saa 2 maji huwa meusi tititi. Ninasuuza, ninaanika hadi yakauke kabisa, na kuchungulia kila ganda mwangani, maana vijiti hupenda kujificha tunduni.