Bosi wa maagizo ya mdomo: nilivyojilinda

Kila niliyemuuliza nifanyeje na bosi wangu wa vitisho alinijibu "vumilia, kazi ni ngumu kupata." Ushauri mbaya huo. Kwenye kampuni ya afya, ukimvumilia kiongozi wa vitisho atakayeumia ni mgonjwa, na sahihi kwenye karatasi itakuwa yako.

Meneja wetu haandiki kitu. Anaagiza koridoni, mambo yakiharibika anakana kikaoni. Kwa hiyo ndani ya nusu saa natuma barua pepe: "Kama nilivyokuelewa leo saa 4 asubuhi, umeniagiza nifanye hivi. Kama sikukuelewa, nirekebishe kabla ya saa 9." Basi, bila lawama. Maagizo kadhaa yalifutwa palepale.

Zito kuliko yote lilikuwa la chati ya friji ya chanjo. Joto liwe nyuzi 2 hadi 8, lisomwe asubuhi na jioni. Kesho yake kuna ukaguzi, naambiwa nijaze siku 5 zilizoachwa wazi: "Weka 4 au 5 tu." Chanjo ya pepopunda au ya homa ya ini B ikishaganda imeharibika, na ikiyeyuka unaweza kuitazama usigundue. Namba ya kubuni ingemponza muuguzi anayewachoma watoto sindano. Nikaandika "haikupimwa" kwenye kila kisanduku kitupu, nikatia sahihi na tarehe ya siku niliyoandika, si ya nyuma. Chanjo nikazitenga humohumo kwenye baridi, na kibandiko "zisitumike", mpaka mfamasia aamue.

Rasilimali watu niliwaendea vibaya mara ya kwanza. Barua kurasa 6: kufokewa, dharau, usingizi kukatika. Wakauliza: lini? Nani alikuwepo? Sina jibu. Jioni meneja anayo nakala. Mara ya pili nikapeleka ukurasa 1, matukio 3, kila moja na tarehe, saa, maneno yenyewe, shahidi, hatari kwa mgonjwa na kifungu cha mwongozo kilichovunjwa. Neno "mkali" sikulitia kabisa. Wangelibishania hilo na kuiacha friji.

Daftari la matukio weka nyumbani, uandike siku ileile. Jina la mgonjwa lisiingie humo, wala usipige picha faili lake: utafukuzwa kwa kuvujisha siri, na malalamiko yako yafe.

Wiki iliyofuata agizo la kupima friji lilikuja kwa maandishi, na jina la mhusika wa kila zamu.