Hesabu kwanza, magogo baadaye: nilivyosimamia kijito cha salmoni

Kijito ninachokisimamia kinaishia Puget Sound, ghuba ya bahari katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Maji yakijaa kingo zote mbili, upana wake ni mita 4. Samaki wake mkuu ni salmoni aina ya koho. Hutaga kati ya Novemba na Januari, mayai hulala chini ya changarawe hadi baridi ianze kuisha, vifaranga huishi mtoni mwaka mzima na ushee, na wakishafikia umri huo hushuka baharini kati ya Aprili na Juni. Wengi hurudi kutaga wakiwa na miaka 3. Maana yake ni kwamba gogo utakaloliweka majini mwaka huu ili kuwatengenezea samaki maficho utaletewa jibu lake baada ya miaka 3, na kama unataka kulinganisha vizazi viwili, ni 6. Anayesema kijito kimepona baada ya msimu mmoja hajahesabu kitu.

Ndiyo maana kabla ya kuita eskaveta nilitaka kujua samaki wanapotelea hatua gani: wakubwa hawafiki, mayai yanakufa, au vifaranga hawamalizi mwaka? Kila jibu lina dawa yake, na dawa ya mmoja haimponyi mwingine.

Nilianza na viota. Jike huchimba changarawe kwa mkia, hutaga, kisha hufukia; kiota kipya huonekana kama doa la mawe meupe yasiyo na ukungu, shimo upande wa juu na kichuguu upande wa chini. Tunatembea kijito chote kila baada ya siku 7 hadi 10, tukipanda dhidi ya mkondo ili matope ya miguu yetu yabaki nyuma. Miwani inayokata mng'ao wa maji ni lazima; bila hiyo unahesabu vivuli. Kila kiota kinafungiwa utepe kwenye tawi lililo juu yake, umeandikwa tarehe, namba na umbali wa kiota kutoka ukingoni. Wiki inayofuata mawe yameshaanza kuota ukungu, na bila utepe utakihesabu kiota kilekile mara ya pili. Ukiruka wiki 2 kwa sababu ya mafuriko, andika kwamba hukutembea. Sifuri na "hatukwenda" ni vitu viwili, na nimewahi kupokea majedwali ya miaka mingi yaliyovichanganya hadi hayana tena matumizi.

Kosa la kawaida la wanaoanza ni kuhesabu shimo la majaribio. Jike huchimba kidogo, akiona changarawe haimfai huhama. Kama hakuna kichuguu upande wa chini, hicho bado si kiota.

Mizoga nayo ina habari. Salmoni wa Pasifiki wakitaga hufa, kwa hiyo kila mzoga tunaupima urefu, tunatazama kama pezi dogo la mgongoni karibu na mkia limekatwa (dalili ya kuwa alitoka kituo cha kutotolesha), tunachukua magamba machache ya kusomea umri, kisha tunaukata mkia ili asihesabiwe tena. Mzoga unarudishwa palepale majini, maana ni mbolea ya kijito. Jike tunampasua tumbo. Akiwa bado amejaa mayai, amekufa kabla ya kutaga, na hapo shida haipo kwenye changarawe.

Kwa vijito vinavyopita mijini, mhusika alijulikana Desemba 2020: kemikali ya kuzuia matairi yasipasuke, ikikutana na ozoni ya hewani, hugeuka kuwa sumu iitwayo 6PPD-kwinoni. Mvua huisomba kutoka barabarani, na koho wakubwa huanza kuzunguka juu ya maji midomo wazi, wakafa katika muda wa saa chache. Salmoni aina ya chumu katika maji hayohayo hawadhuriki hivyo. Ukikuta majike wengi wamekufa na mayai tumboni baada ya mvua ya kwanza, acha habari ya magogo. Shughulikia mifereji ya barabara. Kinachofanya kazi ni kupitisha maji ya barabara kwenye kitanda cha udongo, mchanganyiko uliozoeleka ukiwa mchanga asilimia 60 na mboji asilimia 40, kabla hayajafika mtoni. Mboji mpya humwaga virutubisho miezi ya mwanzo, basi usielekeze bomba la kitanda hicho moja kwa moja kwenye kidimbwi kidogo cha maji yaliyotulia.

Kwenye kijito changu wakubwa walikuwa wanataga vizuri, kwa hiyo nilihamia kwa vifaranga wanaoshuka. Mto mkubwa huwekewa mtego wa pipa linalozunguka. Kijito cha mita 4 kinatosheka na uzio wa mabati ya wavu wa milimita 6 uliopangwa kwa umbo la V, ncha yake ikiingia kwenye bomba linaloishia kwenye sanduku lenye mashimo. Weka matawi ndani ya sanduku, la sivyo samaki wakubwa kidogo wanawala wadogo usiku na wewe unahesabu walioshiba. Sanduku linafunguliwa kila asubuhi bila kukosa, na siku za upepo mara 2 au 3, kwa kuwa majani yakiziba wavu maji yatapanda na kuusomba uzio mzima.

Mtego haukamati wote. Kila siku nachukua sehemu ya vifaranga, nawalaza kwa dawa ya usingizi (MS-222), nakata ncha ndogo sana ya pezi la mkia, nawaacha wazinduke kwenye ndoo yenye pampu ya hewa, kisha nawabeba na kuwaachia juu ya mtego, mbali kiasi cha kupita vidimbwi viwili ili wajichanganye na wenzao. Wanaorudi mtegoni ndio wanaonipa makadirio. Kwa mfano: ukiwaachia wenye alama 120, ukakamata jumla ya 300 na kati yao 29 wana alama, zidisha 121 kwa 301, gawa kwa 30, toa 1. Unapata karibu 1,213. Fanya hesabu hiyo wiki kwa wiki, usisubiri mwisho wa msimu, kwa sababu maji yakipanda uwezo wa mtego hushuka na wastani wa msimu mzima utakudanganya.

Viota vingi, vifaranga wachache. Sasa ni kiangazi kinachowaua au ni baridi? Mwishoni mwa Agosti tunaingia majini kwa barakoa na mrija wa kupumulia, tunahesabu vidimbwi, kila kidimbwi cha tatu au cha nne. Wakiwa wengi Agosti na wachache Mei, wamepotea katikati, msimu wa mafuriko, na ndivyo ilivyokuwa kwangu. Koho mchanga si muogeleaji wa kushindana na mafuriko. Anahitaji pembe iliyotulia, mikono ya mto, madimbwi ya biva, mnyama anayejenga mabwawa kwa matawi. Kijito kilichonyooshwa zamani kwa ajili ya mashamba hakina hata kimoja.

Joto nilipima sambamba. Vipimajoto vidogo vinavyojirekodi kila dakika 30 hufungwa ndani ya kipande cha bomba jeupe la PVC lenye matundu, ili jua lisikipige chombo, kisha bomba linafungwa kwa waya wa chuma kwenye nondo au mzizi imara, mahali maji yanapotembea. Kabla ya kuviweka na baada ya kuvitoa, vitumbukize kwenye ndoo ya barafu na maji. Kinachosoma zaidi ya digrii 0.2 au 0.3 mbali na sifuri hakifai. Ukiona usiku na mchana vinatofautiana ghafla kwa digrii 10 na zaidi, maji yameshuka na chombo kimebaki hewani: siku hizo zifute. Washington hutumia wastani wa kilele cha joto cha siku 7 mfululizo. Kikomo ni nyuzi 16 kwa maeneo muhimu ya kiangazi, na 17.5 kwa maeneo ya kawaida ya kutaga, kukulia na kupita.

Changarawe sikutumia nayo muda mrefu. Mawe 100 yaliyookotwa bila kuchagua, yakapimwa upana wa kati. Na sampuli chache zilizochekechwa. Chembe zilizo chini ya milimita 0.85 zikizidi asilimia 17 hali ni mbaya, chini ya 12 ni nzuri. Kwangu ilikuwa nzuri, nikaendelea.

Tengenezo la kwanza, kabla ya lolote upande wa juu wa kijito, ni kalvati, bomba linalopitisha maji chini ya barabara. Bomba ambalo maji yake yanadondoka zaidi ya sentimita 24 upande wa chini linahesabiwa kuwa kizuizi, hata kama umewahi kuona koho mmoja mkubwa akiruka. Mtoto wake haruki. Kanuni ya upana ni upana wa mto uliojaa mara 1.2, ongeza mita 0.6: kwa mita 4 ni mita 5.4, na sakafu iwe ya mawe ya mto wenyewe. Wahandisi wa barabara hulalamikia gharama, lakini suala hili lina uzito wa mikataba ya miaka ya 1850 kati ya Marekani na makabila ya wenyeji: hukumu ya 1974 iliyapa makabila haki ya nusu ya samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa, na 2018 Mahakama Kuu ya Marekani, kura 4 kwa 4, iliacha amri ya kurekebisha makalvati ya jimbo isimame. Wataalamu wa samaki wa makabila wanasimamia mito pamoja na jimbo. Wapigie simu mwanzo, wana kumbukumbu za kijito ambazo ofisi nyingine haina.

Halafu magogo. Vizazi vilivyotangulia viliyatoa mitoni vikidhani yanawazuia samaki. Sisi tunayarudisha kwa pesa. Gogo liwe refu angalau mara 1.5 ya upana wa mto, nene sentimita 50 au zaidi, na likija na shina la mizizi yake ni bora mara nyingi. Theluthi mbili zizikwe ukingoni au zibanwe kati ya miti iliyosimama. Wengi husahau kwamba mti huelea. Gogo la mita 10 lenye kipenyo cha nusu mita lina ujazo wa karibu mita za ujazo 2. Likiwa na kilo 500 kwa mita ya ujazo, maji yakilifunika lote yatalisukuma juu kwa nguvu ya karibu tani 1. Jiwe likizama hubaki na uzito wa kama kilo 1,650 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo unahitaji mita 0.6 za ujazo za mawe kulishikilia, na ukizidisha kwa 1.5 kwa usalama, 0.9. Asiyefanya hesabu hii hulikuta gogo lake limeziba kalvati la jirani Desemba.

Kazi ndani ya maji hufanywa kiangazi tu, kwa tarehe zilizoandikwa kwenye kibali, na kabla ya mashine kushuka samaki wanahamishwa: nyavu juu na chini, kukokota wavu, mwisho mashine ya umeme ya mgongoni inayowaduwaza samaki. Umeme hautumiki maji yakivuka nyuzi 18, hivyo tunaanza alfajiri. Ukichelewa hadi saa 6 mchana wa Agosti, umepoteza siku na eskaveta inalipwa imesimama.

Kwa shida yangu ya mafuriko, kilichobeba uzito ni kidimbwi cha pembeni. Kilichimbwa penye maji ya chini ya ardhi, kina cha mita 1 hadi 2, mlango ukiwa mwisho wake wa chini ili mafuriko yasikijaze mchanga. Mlango uchimbwe chini kuliko unavyodhani: ukikauka Aprili, vifaranga wote uliowaokoa wamefungiwa ndani. Pima oksijeni Januari na Agosti; ikishuka chini ya miligramu 5 kwa lita, mara nyingi ni majani yanayooza au maji yasiyotembea. Mahali ambapo eskaveta haifiki tulipigilia vigingi vya kipenyo cha sentimita 8, nusu mita kati ya kimoja na kingine, tukafuma matawi ya mti wa wilo katikati kuiga bwawa la biva. Vinavunjika. Bajeti iwe na safari ya kurekebisha kila mwaka hadi biva wenyewe wachukue zamu.

Miti ya ukingoni hupandwa Novemba hadi Machi. Fito za wilo za sentimita 60 hadi 90, chini zimechongwa, juu zimekatwa bapa ili asiwepo wa kuzipanda kichwa chini, theluthi mbili ardhini. Mierezi na sprusi huja katikati yake kwa ajili ya kivuli cha miaka 50. Adui si ukame pekee. Nyasi ndefu za kingoni huwapa panya maficho, panya hutafuna gome kuzunguka shina, na mti hufa umesimama. Fyeka duara la mita 1 kuzunguka kila mche mara 2 kwa mwaka, uzungushie wavu wa waya dhidi ya biva, na mwaka wa 5 rudi na mkasi uuondoe wavu huo kabla shina halijaumeza.