Siku tuliyopanda mikoko na babu mkata boriti

Sisi tuliosoma skuli za shamba kule Pemba, kulima kwetu ilikuwa adhabu. Umechelewa namba ya asubuhi, chukua jembe. Umepiga kelele darasani, kapalilie mihogo. Mtoto anakua akijua udongo ni kitu cha mtu aliyekosa, na mie hili linaniuma mpaka leo, maana nawaona watoto wengi wanaukimbia udongo na sababu yenyewe ni hiyo hiyo.

Ndio maana siku ile siisahau. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, nipo darasa la tano, masika yanaishia. Kwetu ni kusini, wilaya ya Mkoani, na wakati huo maji ya bahari yalikuwa yameshaanza kuingia kwenye mabonde ya mpunga. Bibi yangu alikuwa na kipande chake bondeni, mpunga unatoka vizuri alafu unageuka manjano unakauka kabla ya kubeba, na ukichota maji ya mfereji ukionja ni chumvi. Watu wazima walikuwa wanasema ni kwa sababu mikoko, ile miti ya topeni inayozuia nguvu ya bahari, imekatwa sana, wengine kwa kuni, wengine kwa matanuri ya chokaa, wengine boriti za kujengea, lakini sisi watoto hakuna alietueleza mkoko na mpunga vinahusiana vipi.

Mwalimu wetu wa sayansi, mwanamke mpole sana, akatwambia kesho njooni na nguo kuukuu na mapakacha, tunakwenda pwani. Hakusema nani kakosa. Tukaulizana njia nzima, tumefanya nini?

Pwani tukamkuta mzee mmoja kakaa juu ya shina anatusubiri, ujana wake wote kakata boriti. Chei chei babu, akaitikia mmoja mmoja. Ilikuwa siku za bamvua, zile maji yanajaa sana na kupwa sana, na kwetu bamvua maji yanakupwa kwenye saa nne asubuhi, kwa hiyo tope lote lilikuwa wazi mpaka mbali huko.

Kwanza hakutupa kazi, alitupeleka chini ya mkoko mkubwa akasema tazameni juu. Mbegu zinaning'inia, ndefu, za kijani, kama mlonge vile. Akatwambia mti huu hauachi mbegu yake ianguke ikatafute pa kuota, unaiotesha pale pale juu, inakaa na mama'ke mpaka iwe na nguvu ndio inaachiwa. Mie nilikuwa nimepita chini ya miti ile tangu nazaliwa na sikuwahi kuliona hilo.

"Musivute," akasema. "Ishike taratibu, ikikubali kutoka imewiva, ikigoma muachie mama'ke."

Akatuonesha na alama. Ile iliyowiva inakuwa na kipete cha njano pale inapoungana na kile kikofia cha juu. Niliishika moja nikaiangalia karibu karibu, ngozi laini ina vidoadoa vya kahawia, chini kwenye ncha imeanza kukoza rangi, juu kipete cha njano kweli kimetokeza. Nikaizungusha kidogo tu ikajitoa. Wallahi furaha niliyoipata nikapiga kelele wenzangu wote waje waone.

Tukajaza mapakacha tukaingia topeni. Hapo sasa ndio raha yenyewe, rafiki yangu kazama mpaka mapaja tukamvuta watu watatu tunacheka, mwengine kakatwa na chaza walioganda kwenye mizizi, kaa wanakimbilia mashimoni kila ukinyanyua mguu. Babu anapita kwa kila mtoto anatazama mkono wake. Ncha ndio iende chini, theluthi tu ya mbegu iingie topeni, ukiizamisha sana unaiua, ukiiweka juu juu maji yanaichukua. Kati ya mche na mche hatua moja kubwa, kama mita 1. Na usipande pahala popote tu, akasema kila aina ya mikoko ina pahala pake, mlilana unapenda mbele huko unakotazamana na bahari, mkoko wenyewe huu unataka tope laini la katikati, mkandaa unakaa juu zaidi karibu na nchi kavu. Tulikuwa tunarudia kwa sauti kama tunavyosoma Kurani chuoni.

Alafu mtoto mmoja akauliza, babu si nyinyi ndio muliokata?

Mwalimu akataka kumkemea, babu akamzuia. Akasema, "Ee mwanangu, nimekata mimi. Dari za nyumba za kwenu zote mulizolala jana zimekaa juu ya boriti za hapa." Akatueleza walivyokuwa wakizipanga kwa unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na majahazi yalikuwa yakija kuzipakia kuzipeleka Arabuni. Hakuona haya wala hakujitetea, alisema tu sisi tulikata na hatukupanda, nyinyi mukikata mutapanda. Mie naamini mtoto akiambiwa ukweli namna hii na mtu mzima hahitaji kuchapwa ili afanye kazi. Siku ile tulipoambiwa maji yanarudi tokeni, tuligoma.

Mistari ya pembeni tuliyopanda karibu na mchanga iling'olewa na mawimbi, babu alishasema lakini ilibidi tujionee. Ya katikati ilishika, ikatoa majani mawili mawili, baadae mizizi ikaanza kushuka. Bonde la bibi halikupona kwa mikoko ile peke yake, palihitajika na tuta la kuzuia maji, na hilo lilikuja baadae sana.

Mwalimu wetu akahamishwa na ile kazi skuli ikafa. Sisi watoto wa mtaani tukaendelea wenyewe na babu, kila masika mbegu zikiwiva tunamgongea mlango alfajiri, hakuna anaetuandika jina wala anaetuuliza namba. Mdogo wangu alianza kutufuata hajaanza hata skuli, sasa hivi yeye ndio anawapeleka watoto wa mtaa, na mtoto akivuta mbegu kwa nguvu anamwambia iache hiyo, haijakubali.